Kahawa ya uyoga na UTI inayorudi

SWALI: Mwaka huu nimeugua UTI mara tatu. Jirani anayeuza kahawa ya uyoga wa reishi ananiambia niachane na antibiotiki, eti uyoga huo umethibitishwa kuua bakteria. Ni kweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Dada, ni kweli ya kwenye sahani ya maabara. Dondoo la reishi likiwekwa pamoja na bakteria, baadhi yao hawakui. Uliza limewekwa kiasi gani: mara nyingi ni miligramu kadhaa kwa mililita moja, wakati antibiotiki nyingi hutosha kwa maikrogramu chache, yaani kama mara elfu pungufu. Kijiko cha unga kwenye kikombe hakifikishi hayo kwenye kibofu. Ushahidi kwamba kinamponya mgonjwa wa UTI haupo.

Si kwamba uyoga hauna dawa. Pleuromutilini, kemikali inayozuia bakteria, ilitolewa kwenye uyoga wa jamii ya Clitopilus mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wafugaji wanaijua kupitia tiamulini, antibiotiki ya mifugo iliyotokana nayo. Ya kunywa binadamu, lefamulini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, tena kwa nimonia, baada ya wakemia kuiundaunda upya molekuli yenyewe.

UTI ikirudi mara tatu, dai kipimo cha kuotesha mkojo kabla hujameza kidonge chochote. Jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uuache uende chooni, kinga wa katikati kwenye kichupa cha maabara bila kugusa ndani yake. Ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo ukae kwenye friji, usizidi saa 24. Ukiachwa kwenye joto, bakteria wachache wa ngozi huzaana, nawe unatibiwa ugonjwa usio wako. Majibu hutoka baada ya siku 2 au 3, yakitaja na dawa inayowaua. Huenda ulizokuwa ukipewa zimeshakumbana na usugu, au hukuwa na UTI kabisa. Chembe chache za usaha kwenye hadubini hazitoshi kuamua.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni ni dalili kwamba figo zimeguswa: nenda hospitali leo hii. Mjamzito asisubiri hata hizo.

Kahawa ukiipenda, kunywa kama kahawa. Ila kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au una upasuaji ndani ya wiki 2, iache, kwa sababu reishi inaweza kuongeza kutoka damu.