Mipaka ya Ulaya: vidole, picha na hesabu ya siku 90

Tangu 12 Oktoba 2025, nchi 29 za Ulaya zinawaandikisha kwa kompyuta wageni wa muda mfupi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Mfumo unaitwa EES, nao unashika nafasi ya mhuri wa pasipoti. Wasomaji wa pande za ziwa wameuliza.

Wakala hapa Mwanza anataka nilipie "usajili wa mpaka" juu ya viza. Nimlipe? (Kirumba)

Usimpe hata senti. Usajili ni bure na unafanyika mpakani unapoingia. Unachodaiwa kihalali ni ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima, na gharama ya kituo cha maombi kama unapitia huko.

Nakata minofu ya sangara kiwandani, vidole vimelika. Mashine itanisoma? (Igogo)

Hili ni swali zito kuliko watu wanavyodhani. Mwenye viza alishatoa alama za vidole vyote 10 alipoiomba, kwa hiyo mpakani anapigwa picha ya uso, na vidole vyake hulinganishwa na vile vya viza. Asiyehitaji viza ndiye anayetoa alama nne upya. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko siku ya kuomba viza: alama zikichukuliwa hafifu pale, mpakani hazitalingana. Vaa glovu kazini wiki mbili kabla, na paka mafuta ya mgando kila usiku, maana ngozi kavu yenye mikwaruzo haisomeki vizuri. Asubuhi yenyewe nawa, kausha, usipake chochote. Mafuta huacha ukungu kwenye kioo. Ikigoma, mweleze ofisa kazi unayofanya na umwache ajaribu tena. Anayekataa kutoa alama ndiye anayezuiwa kuingia.

Mwanangu ana miaka 9. (Nansio)

Aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi vidole. Picha anapigwa.

Nitapita Dar, Amsterdam, kisha Copenhagen. Nasajiliwa wapi? (Musoma)

Amsterdam, kwa sababu ndiko unakoingilia. Foleni ya uhamiaji inakula muda, hivyo tiketi ya kuunga ndege kwa saa moja tuiache. Tafuta saa tatu. Kama ungekuwa unakwenda London bila kutoka eneo la kuunga ndege, usingesajiliwa.

Nina viza ya kuingia mara nyingi. Nilikaa 3 Machi hadi 12 Aprili. Nikirudi 1 Agosti nina siku ngapi? (Bukoba)

Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo umetumia 41. Kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote: rudi nyuma siku 180 kutoka 1 Agosti, unafika 3 Februari. Zote 41 bado zimo, zimebaki 49. Kuanzia 30 Agosti zile za Machi zinadondoka moja moja. Lakini soma kwanza idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika ya viza: ikiwa chini ya 90, hiyo ndiyo mwisho wako. Na siku ya kuondoka, hakikisha ofisa ameisoma pasipoti yako kwenye mashine. Kutoka kusipoandikwa, kompyuta inakuhesabu umezidisha muda, na kumbukumbu zako hukaa miaka 5 badala ya 3. Tunza pasi ya kupandia ndege.