Jibu: Kuacha smatifoni na kuhamia kiswaswadu cha shambani

Mkuu umeuliza kama ukitupa smatifoni ukabaki na kiswaswadu kigumu, simu ya batani, kule mbaoni Mafinga utajuta. Mi nipo Isyonje huku kwenye viazi, huu mwezi wa nane tangu niache smatifoni, sijajuta, ila wiki ya kwanza niliteseka kizembe, maana namba zote nilikuwa nimesevu Gmail sio kwenye laini, nimehamisha laini nawasha nakuta patupu, hata ya mama mkwe sina aisee! Kwahiyo kopi majina kwenye laini kwanza, na chuja, laini nyingi zinabeba kama 250 tu. Laini yako kama ni nano, ile ndogo kabisa, nunua adapta, usikubali fundi akuwekee kikaratasi, yangu ilinasa humo ndani tukaitoa kwa kibano.

Pesa usiwaze, *150*00# ya M-Pesa inapiga kazi bila bando.

Dukani usidanganyike na picha ya maji kwenye boksi, uliza kama ina IP67, hiyo inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30, ila kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kiwe kimebana. Yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya dawa ya ukungu, nikaisuuza bombani nikapiga simu palepale. Chaji naweka Jumapili, Ijumaa bado ina vijiti viwili, tochi ndo usiseme.

Shida ni magrupu ya WhatsApp, ya kikoba anasoma wife ananipa muhtasari, na naona ananificha mengine 😂