Fundi wa meko ya gesi hupimwa kabla moto haujawashwa

Meko ya gesi ya kuotea moto yanaweza kukuhadaa kwa uzuri wake, kwa sababu moto unaopendeza machoni hauthibitishi kwamba moshi unatoka nje ya nyumba, wala kwamba viungio vya bomba havivuji. Nimeishi na meko haya kwa miaka kadhaa, tangu yalipofungwa hadi yalipohitaji matengenezo, na ninaamini kwa dhati kwamba fundi anayefaa hutambulika kwa maswali anayouliza na vipimo anavyochukua kabla ya kushika spana.

Swali lake la kwanza linapaswa kuhusu aina ya gesi. Gesi ya mtungi ina nishati nyingi zaidi kwa ujazo ule ule kuliko gesi asilia, kwa hiyo nozeli zake, yaani vipande vinavyopitisha gesi kwenda kwenye moto, huwa na matundu madogo zaidi. Meko ya gesi asilia yakiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa nozeli na kurekebishwa presha, moto huzidi kiasi na masizi hujaa kwenye kioo. Vilevile gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ilhali gesi asilia hupanda juu, na fundi asiyejua hilo atautafuta mvujo mahali pasipo penyewe.

Swali la pili ni njia ya moshi. Kama nyumba ina dohani iliyotumika kwa kuni, ni lazima ikaguliwe kwanza, kwani huenda imepasuka au imezibwa na viota vya ndege. Harufu tunayoisikia gesi inapovuja imetiwa humo makusudi ili ituonye. Lakini kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotokana na gesi isiyoungua vizuri, haina harufu wala rangi. Ndiyo maana ninasisitiza kufungwa kwa king'ora cha hewa hiyo, hata kama fundi atakwambia si lazima.

Kuhusu matengenezo, ninalo tukio moja lililonifunza mengi. Meko yangu yalianza kuwaka kisha kuzimika yenyewe, na fundi wa kwanza, baada ya kuyatazama kwa muda mfupi tu, akataka vali nzima, yaani kifaa kinachofungua na kufunga gesi, ibadilishwe. Wa pili alitoa mita na kupima themokapo, yaani kile kijiti cha metali kinachokaa ndani ya moto mdogo wa kuwashia. Kijiti hicho kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana, kwa kawaida milivolti 20 hadi 30, ambao huishikilia vali iwe wazi; moto huo ukizimika, umeme hukatika na vali hujifunga. Alinionyesha kwamba kipimo kilikuwa chini mno, kisha akanielekeza nitazame moto wenyewe, ambao ulikuwa dhaifu na ulikigusa kijiti kwa ncha tu, kwa sababu vumbi na utando wa buibui vilikuwa vimeziba tundu la hewa. Alisafisha, akapima tena, namba zikapanda, na vali haikuguswa. Hatimaye alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio alichokuwa amekifungua, akasubiri kuona kama patatokea mapovu yanayokua. Fundi anayetafuta mvujo kwa kiberiti asiruhusiwe kuendelea na kazi.

Wengi huambiwa kwamba moto wa manjano ni dalili ya hitilafu. Kwa jiko la kupikia ni kweli, lakini meko mengi ya kuotea yametengenezwa makusudi yatoe moto wa manjano, kwa hiyo dalili ya kuangalia ni masizi. Mara nyingi husababishwa na magogo bandia ya mapambo ndani ya meko yaliyopangwa kinyume na mchoro wa mtengenezaji, na fundi makini atauomba mchoro huo.

Dai leseni ya kazi ya gesi pamoja na makadirio ya maandishi yanayotenganisha vifaa na ufundi, na umwite kwa ukaguzi kila mwaka. Kabla hajaondoka, akuonyeshe koki ya kufungia gesi, akuachie kitabu cha maelekezo, na aandike vipimo vyote alivyochukua, kwa kuwa fundi atakayekuja baada yake atavihitaji ili ajue kilichobadilika.