X-Pro2 iliyotumika: ni kamera ya kazi au pambo la shingoni?

Mkuu, umeuliza kama kuna akili ya kununua Fujifilm X-Pro2 iliyotumika, kamera ya mwaka 2016, wakati kwa hela hiyo hiyo unapata mirolesi nyingine (kamera ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo kinachojikunja ndani) yenye skrini ya kupindua na kitulizaji cha mtikisiko ndani ya bodi. Wadau watatu hapo juu wamekujibu kwamba ni pambo la shingoni. Mimi niko nayo mwaka wa nne, rangi nyeusi imeshabanduka kwenye kona zote, kwa hiyo ngoja nami niseme.

Kwanza jina. Wengi huiita rangefinda, lakini hii si rangefinda halisi. Rangefinda halisi ni kama Leica M, ukoo ulioanza na M3 mwaka 1954: unachungulia, katikati unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zilaliane, hapo fokasi imekaa. Otofokasi (kamera kujitafutia fokasi yenyewe) hakuna, na Leica M11 ilipotoka 2022 bodi tupu ilikuwa karibu dola 9,000, hela ya kununulia kiwanja. Fuji walichukua umbo: kidirisha cha kuchungulia kikae kona ya kushoto badala ya juu ya lenzi, kisha wakaweka otofokasi yao ndani.

Hicho kidirisha ndicho unachokilipia, mengine yote utayapata kwenye kamera za bei nafuu. Kina mambo mawili. Ukikitumia kama kioo, unaiona dunia yenyewe, na juu yake inaelea fremu nyeupe inayokuambia picha itaishia wapi. Ukivuta kijiwiko kilichoko mbele ya bodi, kinageuka skrini ndogo ya nukta milioni 2.36 inayokuonyesha kile sensa (kipande kinachonasa picha) inachokiona. Ufundi huu walianza nao kwenye kamera yao ndogo ya X100, wakauleta kwenye X-Pro1, mtangulizi wa hii, mwaka 2012. Kwenye X-Pro2 kioo kina ukuzaji wa aina mbili, 0.36 kwa lenzi pana na 0.60 kwa lenzi ndefu zaidi.

Faida yake sikuielewa dukani. Niliielewa Feri, alfajiri, kwenye mnada wa samaki. Pale watu wanakatiza mbele yako kila sekunde, huyu na ndoo, yule na jodari begani. Kwa kamera yangu ya zamani nilikuwa namwona mtu akishaingia kwenye picha, yaani nimeshachelewa. Kwa hii, nikifunga lenzi ya 35mm, fremu nyeupe inachukua katikati tu na pembeni pote naona nani anakuja. Namsubiri. Akigusa mstari, nabonyeza. Jicho la kushoto nalo liko wazi muda wote, maana bodi imekaa upande wa kulia wa uso. Halafu likaja ambalo sikulitegemea: watu wananiona sura. Kuna mzee muuza pweza aliyekuwa akinifukuza kila nikiinua ile kamera kubwa. Kwa hii aliniuliza tu, "Mwanangu, mikanda ya hiyo bado mnaipata wapi?" Sikumsahihisha, nikapiga picha yangu.

Hayo yote ni kwa anayechungulia kwa jicho la kulia. Ukiwa mtu wa jicho la kushoto, pua inagota kwenye skrini, uso mzima unafunikwa, na nusu ya utamu imeondoka.

Sasa machungu yake, maana wanaoisifia huwa wanayaruka. Kioo hakikuonyeshi picha itakuwa na mwanga kiasi gani. Nikahi ya kwanza niliyopiga nayo ilikuwa Tanga, saa saba mchana, safu nzima ya wanaume kanzu nyeupe. Kipimo cha mwanga kikauona ule weupe, kikadhani mwanga umezidi, kikapunguza. Mimi kwenye kioo naona kila kitu kinang'aa, nachapa tu kwa raha zangu. Usiku kwenye kompyuta nakuta kanzu za kijivu na nyuso kama masizi, bwana harusi macho hayaonekani. Mafaili ya RAW (picha ghafi kabla kamera haijaichakata) yaliniokoa, lakini nililala saa tisa usiku. Siku hizi kanzu zikijaa kwenye fremu, dole gumba linaongeza hatua moja kwenye gurudumu la mwanga kabla hata sijafikiri.

Pia kidirisha hakiko nyuma ya lenzi, kiko pembeni yake. Mita tatu tatizo hulioni. Sentimita 40 kwenye pete ya bibi harusi, unachokiona na kinachopigwa ni vitu viwili. Fremu inajitahidi kusogea ukibonyeza nusu, ila mimi nikikaribia kitu nahamia kwenye ile skrini ndogo ya kielektroniki moja kwa moja. Na lenzi nene itakuziba kona ya chini kulia. Ndiyo maana zile lenzi zao ndogo za f/2 (namba ya uwazi wa lenzi), kama 23mm na 35mm, zimechongwa zikichongoka mbele. Ya 35mm ina gramu 170 tu. Ukivisha 90mm, fremu inakuwa kijisanduku katikati, unapiga picha kama unachungulia tundu la ufunguo.

Magurudumu ya juu nayapenda, isipokuwa moja. Spidi ya shata unaiona hata kamera ikiwa imezimwa, uwazi wa lenzi unauzungusha kwenye lenzi yenyewe, mkono unazoea kama gia ya gari. Lakini ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) wameificha ndani ya gurudumu la shata: unanyanyua pete, ndipo unazungusha. Kwenye tangazo inapendeza. Ukumbini gizani, MC ameshasema "keki!", ni mateso. Mimi nimeiacha kwenye A, kamera ijichagulie, kikomo 6400, siigusi tena.

Betri ni udhaifu usiofichika. Wenyewe wanataja picha 350 kwa kioo na 250 kwa kielektroniki, na harusi ya Kiswahili unaijua, huko ni kabla hata ya maakuli. Natembea na nne. Skrini ya nyuma haipinduki, kwa hiyo picha za chini unazilipia kwa magoti. Sehemu za kadi ziko mbili, na hilo silifanyii mzaha: kwenye send-off moja kadi ya kwanza ilikufa katikati ya shughuli, ya pili ikawa na kila kitu. Bila hiyo ningehama mji. Mvua za vuli imekula za kutosha, bodi imezibwa vizuri, mradi lenzi nayo iwe na herufi WR, alama ya kuzibwa dhidi ya mvua.

Rangi zake watu wanaandika mashairi. Mimi nitasema ile nyeusi-na-nyeupe ya Acros (mtindo wa picha ulioitwa kwa jina la filamu ya Fuji), iliyoanza na kamera hii, inaipa ngozi yetu uzito unaostahili bila kuifanya majivu. Basi.

Kwa hiyo, kama unakula kwa harusi na hii ndiyo itakuwa kamera yako pekee, usinunue. Chukua yenye skrini ya kupindua na kitulizaji, hutajuta. Kama tayari una ya kazi, na unataka ya kutembea nayo mtaani mpaka usahau umeibeba (gramu 495 na betri yake), hapo tuongee. Kuna mtu kakushauri X-Pro3 ya 2019. Ina titani juu na chini na sensa mpya zaidi, lakini skrini yake inatazama ndani, kuiona lazima uifungue kwenda chini, na kioo kimebaki na ukuzaji mmoja wa 0.52. Mimi natumia lenzi pana ya 18mm na ule ukuzaji wa 0.36 nauhitaji, kwa hiyo nilibaki nilipo.

Zote mbili hazitengenezwi tena, utanunua mkononi mwa mtu. Huku pwani adui ni kuvu: mulika tochi ya simu kwenye kile kidirisha kutoka mbele, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, rudisha hela mfukoni. Vuta kijiwiko mara ishirini, jaribu kile kijiti cha kuchagulia fokasi pande zote nne, weka kadi kwenye sehemu zote mbili. Halafu toka nayo nje mlangoni, chungulia bila kufikiri, uone ni jicho gani limekwenda lenyewe. Likiwa la kushoto, rudi hapa uniambie kabla hujalipa.