AC ya pikapu haipozi? Mtungi wa gesi usubiri kwanza

Msomaji mmoja ametuandikia kuhusu Hilux yake ya dizeli, dabo kabini, inayobeba mizigo kati ya Kariakoo na Chalinze. Kila joto la Desemba likipamba moto, AC inabaki kupuliza upepo tu. Fundi anaongeza gesi, inapoa wiki mbili, kisha hali ni ileile. Sasa anauliza anunue kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) mpya au ya mtumba. Kwa maelezo aliyotoa, asinunue yoyote kwanza.

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama dizeli. Inazunguka ndani ya paipu zilezile, inageuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, basi. Hosi za mpira hupitisha kiasi kidogo sana kwa miaka mingi, lakini gesi inayoisha ndani ya wiki mbili imepita kwenye tundu. Anayekuongezea bila kulitafuta tundu hilo anakuuzia gesi, hajatengeneza gari.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize AC inashindwa wakati gani. Swali hilo ni bure na linamaliza nusu ya kazi. Kama inapoa vizuri ukiwa kwenye mwendo, halafu ukikwama foleni ya Ubungo inaanza kutoa hewa vuguvugu, mashaka ya kwanza ni upepo unaopita kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya rejeta ya injini. Pikapu nyingi za dizeli zina feni kubwa inayozungushwa na injini kupitia kopla, kiungo chenye mafuta ya silikoni. Kopla ikichoka, feni inazunguka kivivu. Zima injini ikiwa ya moto, chomoa ufunguo, kisha sukuma panga la feni kwa mkono: linatakiwa kuwa zito na kusimama upesi. Likizunguka lenyewe raundi nzima au zaidi, kopla imekufa. Angalia pia kama kuna michirizi ya mafuta kuanzia katikati ya kopla. Kipimo kingine: injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) na AC imewashwa, mwagia kondensa maji kwa mbele. Hewa ya ndani ikipoa ghafla, acha gesi, shughulika na upepo.

Magari ya kazi yana ugonjwa wa ziada. Vumbi, majani na wadudu hujazana katikati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo huwezi kupaona ukisimama mbele ya gari. Maji ya presha ya mbali hayafiki, na yakipigwa karibu hulaza vile vibati vyembamba na kuziba kabisa. Tumia maji ya bomba ya kawaida, kutokea upande wa injini kwenda mbele.

Ndani ya kabini usipite haraka. Pikapu nyingi za daraja la chini hutoka kiwandani bila filta ya hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kwa hiyo vumbi lote la barabara ya changarawe linakwenda moja kwa moja kwenye evapereta, kile kifaa kinachopoza hewa ndani ya dashibodi. Dalili yake ni upepo mdogo hata feni ikiwa namba ya mwisho. Kisha angalia swichi ya hewa: ukiiacha ivute hewa ya nje mchana wa Dar, AC inapoza Jiji zima. Na kama swichi ya joto iko upande wa baridi lakini hewa haipoi vya kutosha, bana taratibu hosi inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Hewa ikipoa baada ya hapo, mlango wa kuchanganya joto haufungi vizuri, mara nyingi kwa sababu ya waya wake.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo geji za presha zinafungwa, na ziwe zote mbili: ya upande wa presha ya chini na ya upande wa presha ya juu. Kwa gesi aina ya R134a, injini ikiwa raundi 1500 kwa dakika, feni ya ndani juu kabisa na hewa inayoingia ikiwa nyuzi 30 hadi 35, upande wa chini usome psi (kipimo cha presha) 21 hadi 36 na upande wa juu psi 200 hadi 230 hivi. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipumui, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaongeza juu ya iliyozidi. Chini ikipanda huku juu ikishuka, kompresa haisukumi. AC inayopoa, ikaacha, kisha ikarudi baada ya kuzimwa kidogo ina unyevu unaoganda kwenye ekspansheni valvu, kile kijitundu kinachoshusha presha ya gesi kabla ya evapereta. Ukisoma geji gari likiwa limezimwa hupati kipimo cha kiasi. Kwenye joto la nyuzi 30 itaonyesha karibu psi 97, mfumo uwe umejaa gesi au imebaki robo.

Tundu litafute kwa macho kwanza, kwa sababu gesi hutoka na mafuta, na mafuta hushika vumbi. Doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye maungio, kwenye pembe za chini za kondensa au mbele ya klachi ya kompresa ndilo unalolitaka. Fungua pia vifuniko vya kujazia gesi na upake povu la sabuni. Vali ndogo za ndani huvuja sana na bei yake ni ndogo. Oringi (pete ya mpira ya kwenye maungio) mpya ipakwe mafuta ya kompresa, grisi hapana.

Baada ya kuziba, vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) isiyopungua nusu saa, funga, subiri dakika 10 uone kama sindano ya geji inapanda. Jaza kwa mzani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kukadiria kwa kushika paipu ni kubahatisha. Injini ikiwaka, jaza upande wa chini pekee, mtungi ukiwa umesimama; ukiupindua unaingiza gesi ikiwa kimiminika, nayo huvunja kompresa. Koki nyekundu, ya upande wa juu, isifunguliwe kabisa wakati huo, mtungi unaweza kupasuka. Ukibadilisha kondensa, ongeza mafuta ya kompresa aina ya PAG kiasi cha mililita 40 hivi.

Kuhusu kompresa ya mtumba: ikiwa ya zamani imekatika na kuacha chembe za chuma kwenye paipu, mfumo wote usafishwe na draya (kichupa kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, vinginevyo mpya nayo itasagika. Dukani chagua iliyofungwa vifuniko kwenye matundu yake. Iliyokaa wazi kwenye rafu imeshanyonya unyevu, kwa sababu mafuta ya PAG huvuta maji hewani.