Maswali ya Wasomaji: Askari wa Farasi Wasio na Farasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu alizaliwa Uingereza na anaishi huko hadi leo, katika mji wa Salisbury. Siku za kazi ni fundi wa magari, lakini baadhi ya Jumamosi huvaa sare na kwenda mazoezini na vifaru. Nilipomuuliza hilo ni jeshi gani la mwisho wa wiki, alinijibu kwamba yeye ni askari wa kikosi cha farasi, na kwamba kikosi chenyewe kina zaidi ya miaka mia mbili. Nilidhani ananitania, kama wajukuu walivyo. Je, anasema kweli? Na kama ni kweli, farasi wako wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee. Mjukuu wako amesema kweli, ingawa utani baina yenu ni halali. Kwa maelezo yako, yumo katika Royal Wessex Yeomanry, kikosi cha askari wa akiba kilichoundwa mwaka 1971 kwa kuunganisha vikosi vya zamani vya kaunti za kusini-magharibi mwa Uingereza, ambacho kazi yake leo ni kuandaa wanajeshi wa kuendesha na kupigana kwa kifaru cha aina ya Challenger 2. Ndani yake kimehifadhiwa kikosi cha kaunti ya Wiltshire, ambamo Salisbury imo, na hicho ndicho kinachotangulia vingine vyote vya aina yake kwa heshima ya umri. Nitajibu kwa kufuata historia ya kikosi hicho kimoja, Royal Wiltshire Yeomanry, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha farasi walikokwenda.

Neno "yeoman" katika Kiingereza cha zamani lilimaanisha mkulima mwenye shamba lake mwenyewe: hakuwa kabaila mwenye vijiji vizima, wala hakuwa kibarua wa kulima kwa ujira. Mwaka 1793 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa, ambayo ilikuwa imetoka kumkata kichwa mfalme wake. Majeshi ya kudumu yakapelekwa ng'ambo, na serikali ya waziri mkuu William Pitt ikabaki na hofu mbili kwa pamoja: kwamba Wafaransa wangevuka bahari na kutua pwani, na kwamba maskini wa Uingereza yenyewe wangejifunza kwa wale wa Paris. Ndipo mwaka 1794 watu wenye mali wakaombwa kujitolea kuunda vikosi vya farasi vya kulinda kaunti zao, navyo vikaitwa Yeomanry. Huko Wiltshire, sherifu wa kaunti, Richard Long, aliwaita wenye mashamba wakutane katika nyumba ya wageni iitwayo Bear, mjini Devizes, tarehe 4 Juni 1794, siku ya kuzaliwa kwa Mfalme George III. Walikubaliana kuunda makundi kumi, kila moja kwa eneo lake, na mwaka 1797 makundi hayo yakafungwa pamoja yakawa rejimenti moja.

Sasa zingatia masharti, mzee, maana humo ndimo lilimo jibu lako. Serikali ilitoa silaha; farasi alitoka zizini mwa askari mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujiunga ila mtu mwenye farasi mzuri wa kumpanda, aliyekuwa na muda wa kumfanyisha mazoezi na watumishi wa kushika shamba wakati yeye hayupo. Kwa upande wa pili, aliyejiunga alipata nafuu: farasi wake wa jeshi alisamehewa kodi, na yeye mwenyewe aliepuka kura iliyotumika kuwaingiza wananchi kwa lazima katika jeshi la mgambo. Mazoezi yalikuwa ya siku chache kila mwaka, na siku zilizobaki farasi yule yule alimpeleka bwana wake sokoni au kuwinda mbweha. Uwindaji huo, kusema kweli, ulikuwa mafunzo mazuri kuliko gwaride lolote, kwani mtu aliyezoea kuruka maboma na mitaro kwa mwendo wa kasi hahitaji sana kufundishwa namna ya kukaa juu ya tandiko.

Kwa zaidi ya karne moja watu hawa hawakulazimika kwenda kupigana nje ya nchi. Mambo yalibadilika Desemba 1899, pale Makaburu wa Afrika Kusini walipowashinda Waingereza mara tatu katika juma moja na kuwafundisha kwamba jeshi la miguu haliwezi kumkimbiza adui aliyepanda farasi na anayejua kulenga bunduki. Serikali iliunda haraka jeshi la kujitolea lililoitwa Imperial Yeomanry, ikichota kutoka vikosi vya kaunti, na wa kwanza kwenda walikuwa zaidi ya 10,000, miongoni mwao makampuni kutoka Wiltshire. Hata hapo tangazo lilisema kwamba askari atakuja na farasi wake, mavazi yake na tandiko lake! Mwaka 1908 vikosi hivi vyote viliingizwa rasmi katika jeshi la akiba la nchi, na kambi ya kila mwaka ikawa ya takribani wiki mbili.

Vita Vikuu vya Kwanza sitavikalia sana. Waendeshaji wa Wiltshire walipelekwa Ufaransa na farasi wao, wakakuta mitaro, seng'enge na bunduki za rashasha, na mwezi Septemba 1917 walishushwa chini na kuchanganywa na kikosi cha sita cha askari wa miguu wa kaunti yao. Wengi wao walikufa kwa miguu mwaka 1918, katika mashambulizi makubwa ya Wajerumani.

Baada ya vita hivyo wakuu wa jeshi waliamua kwamba kati ya vikosi vya Yeomanry, 14 tu vyenye umri mkubwa kuliko vingine vitabaki na farasi. Vilivyobaki viligeuzwa kuwa vya mizinga au vya magari ya deraya. Wiltshire, wakiwa wa kwanza katika orodha, walibaki na farasi wao, nami huona ajabu kwamba cheo cha ukongwe ndicho kilichowachelewesha kupata silaha za kisasa. Mwanzoni mwa mwaka 1940 bado walikuwa wakisafirishwa na farasi hadi Palestina, miezi michache kabla Wajerumani hawajaivuka Ufaransa kwa vifaru.

Farasi, basi, waliachwa Palestina. Kufikia masika ya mwaka 1941 askari walikuwa wamepewa malori, na mwezi Mei walivuka jangwa, safari ya takribani kilomita 800, kwenda kuwaokoa Waingereza waliozingirwa katika kambi ya ndege ya Habbaniya, nchini Irak. Walipigana Syria kiangazi hicho, wakaingia Iran mwezi Agosti, na hatimaye wakapewa vifaru. Alfajiri ya tarehe 2 Novemba 1942, huko El Alamein nchini Misri, brigedi yao ya tisa ya vifaru, wakiwemo wenzao wa Warwickshire na rejimenti moja ya jeshi la kudumu, iliamriwa kuuvunja ukuta wa mizinga ya Wajerumani na Waitalia. Walichelewa kidogo, jua likaanza kuchomoza nyuma yao, na kila kifaru kikaonekana waziwazi dhidi ya anga iliyoanza kupambazuka. Vifaru 94 hivi ndivyo vilivyoingia katika shambulio hilo. Takribani 70 viliteketea au kuharibiwa kabla siku haijaanza vizuri. Mjukuu wako akitaja Alamein, mzee, usimkatishe.

SWALI: Mhariri, nimesoma mahali kwamba askari hawa wa kujitolea waliwahi kuwakanyaga wananchi wenzao kwa farasi. Inawezekanaje mtu ajitolee kuilinda nchi kisha awageukie majirani? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Ulichosoma huenda ni habari ya Manchester. Tarehe 16 Agosti 1819 umati wa watu wapatao 60,000 ulikusanyika katika uwanja wa St Peter kudai haki ya kupiga kura, na kikosi cha farasi cha Manchester na Salford, ambacho wanachama wake wengi walikuwa wenye viwanda, wafanyabiashara na wenye maduka, kiliingia katika umati huo na mapanga wazi kikimtafuta msemaji mkuu. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Aliyetangulia kufa alikuwa mtoto wa miaka miwili, aliyeangushwa kutoka mikononi mwa mama yake na farasi wa askari aliyekuwa akikimbia kuwafikia wenzake.

Lakini kwa kuwa tunaizungumzia Wiltshire, yako ya huko nayo, na kwa maoni yangu yanalijibu swali lako vizuri zaidi. Wakati huo kibarua wa shambani alipata kazi ya majira ya baridi kwa kupura ngano ghalani, kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa ukanda wa ngozi, moja ya kushika na nyingine ya kupigia masuke. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, ila ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe wakati mashamba yamelala. Mashine za kupura zilipoingia, kazi ya miezi ikawa ya siku chache. Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza walianza kuzivunja mashine hizo usiku na mchana, na wenye mashamba wakawa wanapokea barua za vitisho zilizotiwa saini ya mtu wa kubuni aliyeitwa Kapteni Swing.

Tarehe 25 Novemba 1830 mamia ya vibarua, wakiwa na nyundo, mashoka na marungu, walifika Pythouse, karibu na kijiji cha Tisbury, kwenye mali ya mbunge John Benett, wakavunja mashine zake. Yeye mwenyewe alitoka kuwasihi, akapigwa mawe. Askari wa farasi wa Wiltshire walifika na kuwafuata vibarua hadi msituni, ambako mtu mmoja, John Harding, aliuawa, na 25 wakakamatwa na kupelekwa Salisbury. Mwezi Januari 1831 mahakama maalumu ilikaa mjini humo, na zaidi ya watu 100 wa kaunti hiyo walihukumiwa kusafirishwa hadi makoloni ya Australia. Mwaka huo huo mfalme William IV aliwapa askari hao jina la "Royal", yaani "wa Kifalme", kwa shukrani ya utumishi wao katika ghasia zile, na jina hilo wanalo mpaka leo.

Kwa hiyo umeuliza jinsi mtu anavyowageukia majirani. Rudi kwenye lile sharti la farasi. Aliyekuwa juu ya tandiko ndiye mwenye ghala, au mwana wa mwenye ghala, au mpangaji wake. Aliyesimama chini na nyundo ndiye kibarua wa ghala hilo hilo. Walijuana kwa majina. Katika siku ile hakuna aliyegeuka, kila mmoja alikuwa upande ambao mali yake ilikuwa imemweka tangu mwanzo. Polisi wa kudumu vijijini hawakuwepo bado. Walipoenea baada ya mwaka 1839, kazi hii ya aibu ikawa inawaondokea askari wa farasi kidogo kidogo.

SWALI: Mimi ni mwenyeji wa Longido. Wazee walisema kwamba walowezi wa Nairobi walikuja kupigana mlimani kwetu wakiwa juu ya farasi wao wenyewe. Je, walikuwa jeshi la aina hii? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa mtindo walikuwa ndugu, ingawa kwa umri walikuwa watoto. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, walowezi wa Kizungu walimiminika Nairobi na farasi, nyumbu na bunduki zao za kuwindia, wakajipanga katika makundi waliyoyabatiza wenyewe: kundi la Bowker, kwa mfano, au lile lililoitwa kwa jina la Monica, binti wa gavana Belfield. Makundi hayo yakaunganishwa yakawa East African Mounted Rifles. Ipo picha ya wakati ule ya farasi mweupe aliyepakwa mistari ili aonekane kwa mbali kama punda milia.

Wazee wako walisema sawasawa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 1,500, wengi wao Wahindi, pamoja na hao walowezi, lilitoka Namanga na kuvuka nchi kavu kuelekea mlima Longido, katika siku zile zile ambazo jeshi jingine lilikuwa likishuka Tanga. Asubuhi ukungu ulifunika mlima. Askari wa Wajerumani walijitetea vikali. Nao nyumbu waliobeba maji waliposikia risasi walikimbia na mapipa yao kurudi walikotoka. Bila maji, hapakuwa na la kufanya. Usiku washambuliaji walirudi Namanga, na Wajerumani wakauacha mlima wenyewe siku kadhaa baadaye.

Kikosi hicho hakikudumu. Wengi wa walowezi walihamishwa kuwa maofisa katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, na idara nyingine, na wanyama wao walimalizwa na mbung'o na maradhi ya farasi, kama walivyomalizwa maelfu ya farasi walioletwa baadaye kutoka Afrika Kusini. Kufikia mwaka 1917 hakikuwepo tena, na mizigo ya vita ilikuwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam.