Noti za babu kwenye kopo la biskuti

SWALI: Shikamoo Anko. Babu yetu alifariki mwaka jana, tulivyokuwa tunapanga vitu vyake nikakuta kopo la biskuti lina noti 11 za Kijerumani zimeandikwa Eine Rupie, yaani rupia moja, za mwaka 1915 na 1916, nyingine zina madoa na zimekunjikakunjika. Shemeji anasema nizipige pasi nizitie laminesheni nitundike sebuleni, au niuze ninunue bodaboda. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Kwanza kabisa huyo shemeji akae mbali na hilo kopo! Mi mwenyewe zamani nilishapeleka noti ya shilingi 20 ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ile iliyotoa hela enzi za Waingereza, stesheneri wakaitia laminesheni, nikajiona mjanja, sa hivi ile plastiki imegeuka njano na noti haitoki humo bila kuchanika, ipo tu nawaonyesha vijana wasirudie ujinga wangu. Pasi usithubutu, maji na sabuni usithubutu, na selotepu ndo mbaya zaidi maana gundi yake inaingia kwenye karatasi.

Hizo noti zako karatasi yake ni dhaifu na kuna sababu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza Waingereza walifunga bahari, noti zilizokuwa zinachapwa Ujerumani zikawa hazifiki, basi Wajerumani wakaanza kuchapa wenyewe hukuhuku Dar, baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zipange zote mezani uangalie, rangi ya karatasi inaweza isifanane, na nyingine sahihi zake ziliwekwa kwa kalamu, mtu kakaa anasaini moja moja. Kufika 1917 wako porini wanakimbizwa, noti wakawa wanagonga kwa herufi za mpira kama mihuri!

Bodaboda sahau. Za rupia moja zilichapwa nyingi mno na zilizobaki bado ni nyingi. Adimu kweli ni noti za rupia za Zanzibar zilizoanza 1908, zile zenye picha ya jahazi, kwa sababu 1936 watu walizibadilisha, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, nani angebaki na hela isiyonunua kitu? Miaka yote hii nimeshika moja tu, na mwenyewe alikuwa kanikodolea macho.

Sasa nunua vifuko vya plastiki ngumu ile ya polyesta, siyo plastiki laini inayonuka, hiyo inatoa mafuta yanayoharibu wino. Kila noti kifuko chake, ilale bila kukunjwa, kabatini gizani, mbali na ukuta wa bafu. Huko Tanga kwa unyevu ule ongeza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kopo litunze pembeni ila noti usizirudishe humo, kutu.

Mkusanyo wangu mi niliupata kwa wazee, noti zilikuwa magodoroni, nyingine ndani ya msahafu, na kila moja nimeandika kwenye daftari kwa penseli imetoka kwa nani, lini, aliipataje. Fanya hivyo leo. Bibi kama yupo muulize, huenda baba yake babu alikuwa askari au mpagazi, halafu niandikie namba za hizo noti zote 11, kama kuna zinazofuatana huenda zilitoka mkono mmoja siku moja, labda ulikuwa mshahara wa mtu.